Ugonjwa Dani Aliomficha Mkwe

...amekubali, yawa! Dani amekubali! Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikajua huyu mama atatufia hapa nyumbani tukimtazama, na sasa amekubali kutibiwa! Ngojeni, wacha nianze vizuri msije mkapotea.

Dani Filister ni mama yangu mzazi, ila watoto wote wa boma letu hapa Homa Bay humwita Dani, yaani nyanya. Mimi Lynnet nasoma chuo kule Rongo, kwa hivyo anayeishi naye ni Caren, binti wa marehemu kaka yangu. Caren ana miaka kumi na miwili.

Kila asubuhi kabla ya shule, wawili hao huanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Zamani Dani aliketi kwenye kigoda chake, akichambua samaki huku akiwasema watu wote wa ufuoni. Mwaka huu akaanza kuchambua akiwa amepiga magoti. Kanisani alisimama nyuma tangu wimbo wa kwanza mpaka matangazo.

"Nyanya yako amekuwa askari wa kanisa?" Levi, jirani yetu, alimtania Caren. "Mbona siku hizi haketi?"

"Nyamaza, wewe! Mgongo unamsumbua."

Haukuwa mgongo. Caren ndiye aliyefua leso za Dani, na alikuwa ameona damu.

"Ni bawasiri tu," Dani alimwambia. "Ole wako umwambie mtu."

Kwa nini hakwenda zahanati? Kwa sababu anayetibu watu pale ni Walter, mume wa dada yangu. Mnajua vile mambo ya wakwe yalivyo kwetu. Dani hata chai hanywi mbele ya Walter. Sasa amwonyeshe mahali pale anapotokea haja kubwa? Afadhali afe! Badala yake alikuwa akipanda gari hadi sokoni Migori kununua unga wa mizizi, anauchanganya na maji moto na kuukalia. Damu haikukoma. Kukawa na uvimbe, na kila akienda choo Caren alimsikia akilia kwa sauti ya chini.

Nikipiga simu, Caren alinijibu, "Dani yuko sawa, shangazi." Mtoto mdogo anabeba kitu kama hicho peke yake!

Siku moja Dani alianguka kando ya nyavu, hana nguvu, leso imelowa. Caren alimfunika, akamwita mama Levi akae naye, akakimbia moja kwa moja hadi zahanati na kumweleza Walter kila kitu.

Dani alipojua, alikasirika vibaya. "Umenianika kwa mkwe wangu! Ni afadhali ungenivua nguo sokoni!"

Walter alikuja jioni hiyo. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya ua, amewapa mgongo, na Caren akawekwa katikati kama mkalimani, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana.

"Caren, mwambie mama nimemsalimu."

"Dani, anakusalimu."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie aende nyumbani."

"Mwambie bawasiri hutoa damu, na saratani pia hutoa damu. Mtu wa unga hawezi kuzitofautisha. Hata mimi siwezi, mpaka mtu apimwe."

"Mwambie sitampima mimi," Walter akaendelea. "Kuna mwenzangu Migori, mama anaitwa Milka. Majibu hayatapitia kwangu."

"Muulize huyo Milka ni wa wapi."

"Ni Mkuria wa Ntimaru."

"Basi si mtu wetu," Dani akasema. "Nitaenda."

Milka alimpima kwa kidole chenye glavu, taratibu. Aliugusa uvimbe mgumu, akamtuma hospitali wakatoe kinyama kidogo cha kupimwa. Majibu yalipotoka nilikuwepo, nimeshaitwa kutoka chuoni. Milka hakuzungukazunguka.

"Mama, hii ni saratani ya njia ya haja kubwa. Mara nyingi huletwa na kirusi cha kawaida sana, ambacho watu wengi hukipata bila kujua. Ndicho hichohicho ambacho wasichana wanadungwa chanjo yake. Si laana, na si adhabu ya tabia mbaya. Matibabu yake ni mionzi na dawa, kule Kisumu. Yanachoma, yanachosha, na kwa vile umechelewa siwezi kukuahidi. Lakini wengi hupona."

Dani alijifunga leso. "Nizikeni tu. Siwezi kwenda Kisumu watu wakaulize naumwa wapi."

Alirudi nyumbani, akakataa chakula. Niliomba, dada yangu akalia, mchungaji akaja. Wapi! Mpaka leo asubuhi, Caren akiwa amemshikia kikombe cha uji.

"Dani, ukifa, kwa matanga watu wataniuliza ulikuwa unaumwa nini. Mimi ndiye nilikuwa naishi na wewe. Niwaambie nini?"

"Waambie mgongo."

"Hapana. Nilisema mgongo, nikasema uko sawa, na wewe ukaendelea kuoza. Sidanganyi tena. Nitasema ilikuwa saratani ya njia ya haja kubwa, na kwamba dawa ilikuwepo."

Yawa! Mimi nilidhani atachapwa. Machozi yalimtoka Dani, kisha akapokea kile kikombe.

"Kumbe hata nikifa jina la ugonjwa huu litatajwa," alisema. "Basi afadhali nilitaje mwenyewe nikiwa hai, kwa daktari. Caren, nyathina, mtoto wangu, sikiza. Nilikufundisha vibaya. Nilikwambia kuna sehemu ya mwili isiyo na jina, na ugonjwa ukajificha hapo kwa sababu ulijua hakuna mtu atauita. Mtoto akiona damu, yake au ya mtu mwingine, aseme. Mtu mzima akimkataza, amwambie mwingine. Na wewe Lynnet, acha kurukaruka, nitafutie nguo ya safari."

Ndiyo hiyo nakunja sasa! Caren anakuja na sisi, na Walter ametafuta gari, ingawa ataketi mbele kabisa bila kugeuza shingo. Daktari wa mionzi atatuambia kama ugonjwa umetembea au bado uko mahali pamoja. Naogopa, siwezi kusema siogopi. Lakini kesho jioni, kiwe kizuri kiwe kibaya, nitawaambia alichosema daktari, na nitautaja kwa jina lake.