Orodha ya Shamba la Miwa

Hamimu alikuwa na kazi iliyomfanya ajulikane mtaa mzima wa Buyenzi: kutafsiri filamu. Kila alasiri, kwa kuwa usiku watu walikatazwa kutoka nje, aliketi kando ya televisheni katika ukumbi wa video wa Nasser, kipaza sauti mkononi, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Watu walikuja pale kusahau milio ya risasi za mtaa wa Kamenge.

Siku hiyo Nasser aliweka filamu ya watumwa wa shamba la miwa. Idi, mdogo wake Nafisa mke wa Hamimu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikaa benchi la mbele akitafuna karanga.

Kwenye filamu, msimamizi wa shamba alifungua daftari, akaanza kuwaita watumwa. Hamimu aliyafuata majina kwa mazoea, moja baada ya jingine, mpaka akausikia mdomo wake ukisema:

"Idi wa Buyenzi!"

Watu wakacheka. Idi akasimama kwa mzaha. "Niko, bwana!"

Umeme ukakatika.

Televisheni ikazimika, kipaza sauti nacho kikafa. Vijana wakapiga miluzi. Lakini msimamizi hakunyamaza. Aliendelea kusoma, polepole, karibu kabisa na sikio la Hamimu, akimngoja atafsiri. Kisha akasoma:

"Hamimu."

Hamimu akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Jina likarudiwa. Pumzi ya moto ikamgusa shingoni. Hakuitika. Pale benchi la mbele, mnyororo ukakokotwa. Ukaelekea ukutani. Ukapenya.

"Idi," alinong'ona. "Idi! Ndugu ya Nafisa! Rudi!"

Taa zikawaka.

Giza halikuzidi dakika tatu. Idi alikuwa ameketi palepale, midomo imepasuka, macho yamezama, akimkodolea Hamimu kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Shemeji," akasema kwa sauti iliyokauka, "mbona ulikawia kuniita? Mi nimekata miwa misimu tisa."

Hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo, kiatu cha kulia cha Idi kilikataa kuingia mguuni, kwa hiyo Nafisa akampeleka kwa Pascaline, muuguzi wa jirani. Pascaline alipandisha suruali ya Idi, akainama. Kifundo cha mguu kilizungukwa na sugu nyeusi, yenye upana wa vidole viwili, ngumu kama kwato.

"Hii ni ya miaka mingi," akanong'ona. "Nani alimufunga huyu mutu?"

Asubuhi ya siku hiyohiyo, Idi alikuwa amecheza mpira pekupeku, mbele ya mtaa mzima.