Mabegi Manane Ng'ambo ya Mto

Jamani, ninyi ambao mkiambiwa mahali hapafikiki ndipo miguu inapoanza kuwawasha, vuteni viti, hii ni yenu. Na ninyi wengine ambao safari yenu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye kochi, msicheke mapema. Ugonjwa nitakaousema hauhitaji mlima.

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, watu wakimwita Nyundo. Jumapili moja asubuhi alikuwa ameketi kibarazani kwake, anapaka mabuti yake mafuta. Ndani, mkewe alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Kaka wa mkewe, mwoka mikate, alikuwa amekuja na mkate wa moto chini ya kwapa, na nyumba nzima ilikuwa inanukia vizuri. Watoto wanakula, baba anapiga mluzi, shemeji anasimulia jinsi tanuri lake lilivyomuunguza nyusi. Ungepita barabarani ungesema hawa wameyapatia maisha.

Kisha simu ya Nyundo ikatoa mlio wa ujumbe.

Nyundo alikuwa kiongozi wa kikundi cha watu wanane waliotafuta maporomoko ya maji yaliyojificha, yale yasiyo na kibao, wala njia, wala mtu wa kukukatia tiketi. Kulikuwa na kikundi kingine cha namna hiyo, kiongozi wake dereva wa lori. Asubuhi hiyo Dereva alikuwa ametuma picha: yeye na wenzake wameloa chapachapa chini ya maporomoko ambayo Nyundo alikuwa akiyasaka kwa miezi mitatu. Chini yake ameandika, "Tumefika. Wenzetu bado wanafunga kamba za viatu."

Watu mia na kitu walikuwa wamecheka. Nyundo akasoma vicheko vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayejichoma sindano mwenyewe.

"Shemeji, mkate unapoa," mwoka mikate akamwambia.

"Kula wewe, Breki. Si ndiyo kazi yako."

Pasi ikasimama. "Nani umemwita hivyo ndani ya nyumba yangu?" mkewe akauliza.

Breki ni jina alilolitunga Nyundo mwenyewe. Daktari alikuwa amemwambia mwoka mikate atembee apunguze uzito, presha isije ikamwangusha mbele ya tanuri. Ndipo dada yake akamwomba Nyundo amchukue kikundini. Mwoka mikate hakuwa mlegevu. Alikuwa tu na mwendo wake mmoja, kupanda na kushuka, na hakuna aliyeweza kumbadilishia gia. Kila kikundi kiliposimama kumsubiri, Nyundo alimwona Dereva akimpita. Basi akamwita Breki, na kikundi kizima kikalidaka jina.

"Jumamosi tunakwenda yale maporomoko wanayoyasema warina asali," Nyundo akatangaza. "Kabla Dereva hajayanusa."

"Jumamosi ulisema unamalizia geti la zahanati," mkewe akasema. "Wamekuja hapa mara mbili wananiuliza mimi, utadhani ndimi ninayechomelea."

"Geti halikimbii."

"Na maporomoko yanakimbia?"

Mwoka mikate akacheka, kwa bahati mbaya. Nyundo akamgeukia. "Wewe ubaki na unga wako."

"Ninakwenda, shemeji. Miezi sita natembea nanyi, na sijamwambia mtu yeyote anibebe."

Mkewe akatoka nje na pasi mkononi. "Baba watoto, nisikilize. Ndugu ninaye huyu mmoja tu. Ukiondoka naye, urudi naye."

"Nitamrudisha. Hata kwa kumburuta."

Hilo lilikuwa jibu la ahadi. Mimi nimewahi kuahidiwa kwa sauti kama ile, nikajua palepale kwamba sijaahidiwa kitu.

Sasa niwaeleze desturi zao mbili, maana msiba wote umelala hapo. Ya kwanza: kila safari walikuwa na mtu wanayemwita mkia. Mkia huvaa kizibao cha rangi ya machungwa, hutembea wa mwisho kabisa, na haruhusiwi kuacha mtu nyuma yake. Mkia wao alikuwa mama mmoja muuza dawa, mwenye filimbi shingoni na ulimi uliokuwa mkali kuliko filimbi. Ya pili: wakifika mtoni, mabegi huvushwa kwanza. Nyundo alikuwa amejitengenezea kapi la chuma la kuteleza juu ya kamba, na mabegi yote huning'inizwa hapo yakavutwa ng'ambo. Ndipo watu huvuka mmoja mmoja, wameshika kamba, na kila anayefika kiongozi humgusa bega na kuhesabu kwa sauti.

Jumamosi ikafika. Walikuwa ndiyo kwanza wameanza kupanda walipoona, chini kule walikoacha gari lao, gari la kikundi cha Dereva linaegesha.

"Nani amewaambia?" Nyundo akafoka. "Breki, wewe na wateja wako wa mikate. Mdomo huo."

"Sijamwambia mtu, shemeji."

"Leo hakuna mkia. Wote mbele."

"Mkia hauondolewi kwa hasira," muuza dawa akasema. "Tumekubaliana wote nane."

"Kiongozi ni nani hapa?"

Muuza dawa akakivua kizibao na kumtupia miguuni. Nyundo akakiruka, akamnyooshea kidole shemeji yake. "Na wewe, ukichelewa leo tunakuacha. Nimesema mbele ya watu, usije ukaenda kumlilia dada yako."

Wengine wakacheka. Mwoka mikate akakaza mikanda ya begi lake na kuanza kupanda, na siku hiyo alijitahidi mpaka shingo ikamuiva.

Mto waliukuta umejaa mawe makubwa, na maji yake yana kelele kiasi kwamba uliweza kumtukana mtu aliye hatua kumi asisikie. Nyundo akavuka na kamba, akaizungusha kwenye mti wa ng'ambo, akarudi, akaizungusha kwenye mti wa huku, kisha akavuka tena na ncha zote mbili. Mabegi yakavutwa, manane, yakarundikwa ukingoni. Watu wakaanza kuvuka.

Mwoka mikate alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Alipoinua mguu aukanyage mto, akaona soli ya buti lake la kulia imeachama. Akarudi nyuma ya jiwe, akakaa, akatoa uzi mfukoni aifunge. Kazi ya dakika tatu. Mkia angekuwepo, angesimama hapo hapo juu ya kichwa chake na kumkebehi mpaka amalize. Mkia hakuwepo.

Ng'ambo, Nyundo alikuwa hata hatazami mabega. Macho yake yalikuwa bondeni, kumtafuta Dereva.

"Mabegi manane," akasema. "Tumetimia. Twende."

"Hesabu watu," muuza dawa akamwambia.

"Kwani mabegi yamejileta yenyewe?"

Akavuta ncha moja ya kamba, yote ikaja upande wake. Mmoja akamuuliza mbona anaitoa na kurudi ni palepale. "Tutaifunga tena. Dereva akitaka kuvuka, aote mabawa."

Kila mtu akabeba begi lake. Likabaki moja. Lilikuwa la shemeji yake, lile la buluu lenye unga kwenye zipu.

Hapa nawaomba msimame kidogo. Begi liko chini, mwenyewe haonekani. Mtoto mdogo angeuliza, yuko wapi? Nyundo hakuuliza, kwa sababu tayari alikuwa na jibu. Alishamjua Breki ni mzigo, basi akaona mzigo. "Amenitupia begi nimbebee," akasema kwa meno yaliyofungwa. "Amejitanguliza mikono mitupu. Sawa. Kule juu nitamwaibisha mbele ya kamera." Akalitupa mgongoni juu ya la kwake, akapanda. Ndani ya begi hilo mlikuwa na koti la mvua, chakula, simu na filimbi ya mwoka mikate.

Walipanda kwa saa moja na nusu. Msitu ukafunguka ghafla, na maporomoko yakawa mbele yao: maji meupe yanashuka kutoka juu sana, yanagonga mwamba mweusi, yanageuka moshi. Hapakuwa na alama ya kiatu hata moja. Nyundo akawasha kamera ya simu yake. Akajirekodi, akayarekodi maji, kisha akasema, "Na sasa niwaonyeshe mvivu aliyenibebesha begi lake. Breki, njoo."

Breki hakuja.

Muuza dawa akaanza kugusa mabega, mmoja mmoja. Akafika saba, akajigusa bega lake mwenyewe kuhakikisha kwamba alikuwa amejihesabu.

"Mtu hayupo," akasema. "Ulimwona akivuka?"

"Atakuwa ameingia kichakani."

"Nakuuliza, kwa macho yako, ulimwona akivuka?"

"Ngoja kwanza nimalize hapa. Dakika kumi tu."

Muuza dawa hakungoja. Alishuka na wenzake watano, wakiteleza na kujikamata kwenye mizizi. Nyundo alimaliza dakika zake kumi, ndipo akawafuata.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mto haukuwa ule wa asubuhi. Ulikuwa umepanda kifuani. Haki yake tumpe: Nyundo mwenyewe ndiye aliyevuka na kamba, na mara mbili maji yalimfunika kichwa. Lakini hadi saba wote walipofika ng'ambo, saa nzima ilikuwa imekwenda. Nyuma ya jiwe wakakuta kipande cha uzi. Mtu hakuna.

Mwoka mikate, alipotoka nyuma ya jiwe, alikuta kamba haipo, watu hawapo, begi halipo. Aliita, mto ukameza sauti. Akaita tena mpaka koo likakauka. Kisha akakumbuka alichoambiwa asubuhi mbele ya watu, akaamini. Akageuka arudi kwa miguu yake, na soli ile ikamfunguka kwenye mteremko wenye kokoto, akaporomoka.

Kikundi cha Nyundo kilipofika chini kwenye magari, kilimkuta amelazwa juu ya machela ya fito mbili na makoti ya watu wengine. Kikundi cha Dereva kilikuwa kimemkuta korongoni, anatetemeka chini ya mvua, mfupa wa muundi umetoka nje ya ngozi. Walimbeba kwa zamu. Maporomoko hawakuyaona.

Nyundo akasogea. Dereva akajiweka kati yao.

"Huyu ni wako?"

"Ni shemeji yangu. Niachie."

"Begi lake ni hilo ulilobeba?"

Nyundo akashika mkanda begani. Alikuwa amesahau kwamba bado analo mgongoni.

"Umelibeba siku nzima," Dereva akasema, "na hukujiuliza mwenyewe yuko wapi? Hongera, kaka. Umefika wa kwanza." Wala hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka.

"Shemeji," Nyundo akaanza, "mimi sikujua."

Mwoka mikate akafumbua macho. "Kamba ulitoa wewe?"

"Nilitoa, lakini..."

"Basi." Akageuza uso upande wa pili, na hakuugeuza tena hadi hospitali.

Mguu ulikuwa umechafuka, ukaingia wadudu, na siku ya tisa madaktari wakaukata chini ya goti. Kwa siku hizo tisa Nyundo alimwambia mkewe hadithi moja: kwamba shemeji alichelewa, kwamba waligundua mara moja, kwamba walikimbia kumtafuta. Alikuwa anakaribia kuiamini mwenyewe. Siku ya kumi mkewe aliichukua simu yake kutafuta namba ya daktari, akaikuta ile video.

Nyundo alimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, anaisikiliza kwa mara ya sijui ngapi. Maji yanaunguruma. Sauti ya mwanamke inasema, mtu hayupo. Na sauti nyingine, anayoifahamu kuliko zote, inajibu: ngoja kwanza nimalize hapa, dakika kumi tu.

"Mama watoto, nipe nikueleze."

"Umeshaeleza," akasema. "Imerekodiwa."

Akafunga nguo zake na za watoto, akahamia kwa kaka yake. Siku hizi yeye ndiye anayesimama mbele ya tanuri, na kaka yake anakanda unga akiwa ameketi. Nyundo alikwenda mara moja kuomba msamaha. Shemeji yake akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuzia mkate kama anavyomuuzia mteja yeyote, akamwita anayefuata.

FUNZO

Sikilizeni sasa bila utani. Nyundo hakuwa muuaji, na ndiyo maana nawasimulia, kwa sababu muuaji mngemkimbia, lakini Nyundo mnakula naye. Kilichomponza si mto. Ni dharau. Mtu ukishamdharau, ukimkosa machoni huogopi, unakasirika. Unaona kosa lake pale ambapo ungepaswa kuona hatari yake. Kama mtu humpendi, usikubali kumwongoza. Na kama umekubali, iwe ni mlimani, kazini au ndani ya nyumba yako, mgeukie mara kwa mara, mguse bega, ujue yupo. Safari ni ya yule wa mwisho. Yeye asipofika, nanyi hamjafika, hata kama mmepiga picha.