Nyumba Isiyoitika Hodi

Siwema alikuwa uani kwake, Ujiji, akichambua dagaa. Alitoa mchanga, akatoa vijiti, paka akimkodolea macho. Mara mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mkono wa Siwema ukaganda. Mumewe, Zefania, akakimbilia stoo, akajibanza nyuma ya magunia.

Ndivyo walivyoishi siku hizo. Walikuwa wameweka nyumba rehani benki, wakanunua mtumbwi na injini. Injini ikafa, biashara ikafa nayo. Notisi ya benki ilipokuja, waliikunja wakaitia chini ya godoro. Tangu hapo, kila hodi waliiona ya benki.

"Hodi!"

Stooni Zefania akapiga chafya. Vumbi la dagaa halina siri.

"Afya, Baba Armelle!" sauti ikacheka. "Ni mimi, Merina."

Merina alikuwa jirani yao, msaidizi wa kisheria pale katani. Siwema akafungua, uso chini.

"Shoga, mnamkimbia nani?"

"Benki. Watauza nyumba. Ila tumepata mnunuzi, Dismasi wa Mwanga. Anatoa nusu ya bei, taslimu, kesho. Anasema benki wasijue."

"Hati ya nyumba iko wapi?"

"Iko benki."

"Sasa mtamuuzia nini? Nyumba iliyo rehani haiuzwi kwa siri. Deni litabaki, na benki wataiuza vilevile. Mtadaiwa huku, mtadaiwa na kule."

Zefania akatoka stoo, magamba kichwani. "Kwa hiyo tungoje mnada?"

"Nani kasema mngoje? Leteni notisi."

Merina akaisoma polepole. "Hapa wamewapa siku sitini. Si za kujificha, ni za kwenda kuongea. Ombeni kupangiwa malipo upya. Mkiona hamtaweza, ombeni ruhusa muuze wenyewe kwa bei ya soko. Mnunuzi analipa deni benki, kinachobaki ni chenu. Mnadani bei huweza kuanguka, na gharama za dalali zikawaangukia ninyi."

"Nyumba niliyozalia wanangu, niiuze?" Siwema alijifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Uamuzi ni wenu. Ila amueni mkiwa mmesimama, si nyuma ya magunia."

Siwema akajifunga kanga kiunoni. "Baba Armelle, vaa shati."

Benki waliwasikiliza. Walipiga hesabu ya malipo madogo madogo, lakini bila injini hata hayo yaliwashinda. Wakaomba ruhusa ya kuuza, wakapewa kwa maandishi. Mthamini akaja, akapima kuta, akakagua paa, akataja bei.

Dismasi naye akaja na pesa zake ndani ya mfuko.

"Bei ni ya mthamini," Siwema alimwambia. "Na pesa zinapelekwa benki."

"He! Mama, umekuwa mjanja lini?"

"Tangu nilipofungua mlango."

Dismasi akaondoka akinung'unika. Baadaye mwalimu mmoja akainunua kwa bei halali. Deni likaisha, mwalimu akapata hati yake. Kilichobaki kikawanunulia nyumba ya vyumba viwili kule Gungu. Ni ndogo, na jiko liko nje, lakini haidaiwi na mtu.

Asubuhi ya kwanza Siwema alikuwa akikaanga dagaa. Mlangoni, "Hodi!"

Zefania akainuka nusu, macho yakitafuta magunia.

"Kaa unywe chai yako," Siwema alisema. Kisha akapaza sauti, majirani wote wakasikia: "Karibu! Tupo!"