Nusu Iliyofyonzwa

Mashine ya kufyonza vumbi ilizimika tena ilipofika ubavuni mwa kitanda cha mtoto, na fundi akatukana kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. Mkewe akasikia.

Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kutengeneza pasi, feni na mashine za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Sasa mashine ya nyumbani kwake mwenyewe ilikuwa ikimchezea shere. Binti yao alikuwa na pumu, na daktari alishaonya kwamba vumbi lisipotoka mle chumbani, mtoto atarudi hospitali. Zulia la chumbani humo, zito na jekundu, walilinunua kwa watu waliokuwa wakihama kwa haraka. Tangu liingie ndani, kifua cha mtoto hakikutulia. Mkewe alitaka litolewe. Fundi akashikilia kwamba zulia halina kosa, linataka kusafishwa tu.

Akaanza kama anavyoanza kwa wateja. Akasafisha chujio. Akapitisha waya mrefu ndani ya bomba kutafuta kilichoziba, hakuna. Akapima waya wa umeme toka plagi hadi swichi, akabadilisha makaa yanayopitisha umeme ndani ya mota, ambayo bado yalikuwa mazima, akakagua kile kidude kinachokata umeme mota ikipata joto kupita kiasi. Mota ilikuwa baridi. Mezani kwake ikanguruma mchana kutwa bila kusita. Akairudisha chumbani, ikafika kitandani, kimya.

Akavuta umeme kutoka jikoni. Kimya. Akaazima mashine mpya ya jirani, huku akijua fika kwamba atachekwa. Nayo ikafika palepale, ikakata.

"Labda si mashine," mkewe alisema.

"Usinianze."

Hakumwanza. Alimweleza tu, taratibu, kwamba kila mota inapokata anasikia pumzi mbili mle chumbani, na mtoto ni mmoja. Tena kunanuka nywele zilizoungua, na harufu hiyo haitoki kwenye mota, maana mota alishainusa mwenyewe. Fundi akasema wamechoka, wote wamechoka. Kisha akaenda kubadilisha swichi isiyo na ubaya wowote.

Alasiri iliyofuata mtoto alikuwa amejilaza, kifua kikipiga filimbi. Fundi akawasha mashine, ikafika kitandani, ikazimika. Akaipiga teke. Halafu akachutama, akainua mdomo wa bomba karibu na shavu lake asikilize kama kuna kitu kimekwama, na badala ya kitu kilichokwama akahisi hewa, ya moto, yenye ile harufu ya nywele, ikitoka na kurudi, ikitoka na kurudi, na kila ilipovutwa ndani ya bomba kifua cha mwanawe kilibonyea juu ya kitanda kana kwamba nacho kinavutwa, midomo yake ikaanza kuwa ya zambarau, na ndipo ndani ya bomba, kwa upole wa mtu anayeomba apishwe mlangoni, sauti ikasema:

"Umenifyonza nusu. Nirudishie."

Mkewe alimkuta bado ameshika bomba. Akampigia simu shangazi yake, mwanamke aliyejulikana kwa kuwatoa wasioonekana, naye akafika kabla jua halijashuka. Shangazi akaketi sakafuni, akatega sikio kwenye bomba, akauliza vumbi lililofyonzwa kwenye zulia siku ya kwanza liko wapi. Fundi akasema alilimwaga kwenye pipa la taka, na gari la taka lilishapita.

Shangazi akaliweka bomba chini.

"Basi atajilipa," akanong'ona. "Atachukua nusu kwa aliye karibu naye. Ameshaanza."

Fundi akamtazama mtoto. Mkewe alielewa kabla hajasema, akamkamata mkono, lakini alijinasua, akapiga magoti, akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa bomba kama mtu anayepuliza moto, na pumzi ikamtoka, ikamtoka, ikaendelea kumtoka hata alipokuwa hana tena ya kutoa, macho yakamwiva, na shangazi akawa anasoma dua bila kupumzika mpaka bomba likamponyoka fundi mikononi.

Walilikunja zulia, wakalichukua hadi nje ya mji, wakalichoma likabaki majivu. Usiku huohuo, mtoto aliomba chakula.

Fundi alipona, ila pumzi yake ilibaki fupi. Alikuwa akisema maneno machache, anakwama, anashika kifua, anaendelea. Wateja walimvumilia. Mkewe alijifunza kumsubiri, asimkatishe.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akimsuka mtoto, wamekaa ukingoni mwa kitanda, sakafu tupu imepigwa deki. Fundi akasimama mlangoni na begi lake la vifaa.

"Leo nikirudi nitamletea mtoto..." Pumzi ikakata. Akashika fremu ya mlango. Mkewe akamsubiri, kitana mkononi.

"...viatu vipya," ikamalizia sauti ya fundi, kutoka uvunguni.

Mlangoni, midomo ya fundi ilikuwa imefumbwa. Mtoto akainama, akachungulia chini ya kitanda, akatabasamu.

"Asante, baba," akasema.