Sindano Ndani ya Hirizi

Kila asubuhi kabla ya skuli, Nadhira alimsaidia mama yake kuanika karafuu uani kwao Mgogoni. Siku hizi alizianika peke yake. Bi Umkulthum alikaa kizingitini akimwangalia tu, mkono wa kulia ameulaza pajani. Uvimbe wa kifuani aliuficha karibu mwaka mzima akiuita jipu, na jipu gani hilo lisiloiva? Hospitali ilipochukua kinyama kidogo na kukipima, ikaonekana ni saratani.

Daktari Silima aliwaeleza kwamba kabla ya kupasua lazima mama apate kipimo cha MRI, ili yeye daktari ajue uvimbe umeenea hadi wapi. Mashine yenyewe ni sumaku kubwa, akasema, kwa hiyo mtu asiingie na chuma chochote. Nadhira akashtuka. Mama yake alikuwa amevaa hirizi kiunoni. Bibi aliishona na kutia sindano ndani ili kukinga husuda, na Nadhira ndiye aliyemshikia uzi.

Walipofika nyumbani alimkumbusha mama kuhusu sindano iliyomo kwenye hirizi.

"Hino siivui," Bi Umkulthum akasema. "Nikiivua n'takufa. Niapie kuwa humwambii mtu."

Nadhira akaapa.

Siku ya kipimo, muuguzi Bi Jawaher aliulizia pete, vipuli na chuma kingine chochote. Bi Umkulthum, ambaye alikuwa ameshavaa gauni la hospitali, akajibu kuwa hana. Nadhira alijua kuvunja kiapo ni dhambi. Lakini mlango wa chumba cha mashine ulipofunguliwa, alishindwa kuvumilia.

"Bi Jawaher, mama ana sindano kiunoni."

Mama alimtupia jicho la uchungu, akaifungua hirizi. Muuguzi hakumkaripia. Alieleza kwa upole kuwa sumaku ingeweza kuivuta sindano ile ikamjeruhi. Nadhira akabaki nje na hirizi mkononi, akilia, akiamini amemuua mama yake.

Majibu hayakuwa mazuri. Kipimo kilionyesha uvimbe wa pili, mdogo, ambao mkono haukuweza kuupapasa, na dalili kwamba ugonjwa umefika kwapani. Titi lote lingeondolewa, kisha dawa za miezi mingi. Ila titi la pili lilikuwa salama, na sasa daktari alijua pa kukata.

Siku mbili baada ya kupasuliwa, Bi Umkulthum alimwita Nadhira kitandani. Kifua kilikuwa kimefungwa bendeji, na sauti ilitoka kwa shida.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Mie nimeficha mara mbili, uvimbe kisha sindano. Mara ya pili ulinisemea. Ya kwanza hapakuwa na wa kunisemea, na titi langu limekwenda. Mtu akikuapisha kuficha jambo la maradhi, hata nikiwa mimi mamako, usiape."