Jogoo wa Jirani na Gunia la Kogo

Kila siku nikitoka shule hapa Kimulot, huvua sare, hufunga ng'ombe, kisha huenda kumsaidia nyanya yangu, Kogo, kuchuma majani chai. Tunaishi wawili tu. Mama yuko kazini Kericho, na Kogo si mtu wa maneno. Basi nikimpata mtu njiani, simwachi.

Alhamisi moja goti lilimuuma Kogo. Akanituma kituo cha kupimia chai nimwambie karani Orina kwamba gunia letu liko nyuma, lori la kiwanda lingoje kidogo. Nilikimbia. Lakini Orina aliponiuliza habari za nyumbani, jamani, nilifunguka! Nilianza na ndama wetu, nikaja kwa mvua ya mawe, nikafika kwa jogoo wa jirani anayelala juu ya paa la kanisa. Hapo honi ikalia. Nilipokumbuka nilichotumwa, lori lilikuwa likipanda mlima.

Kogo alifika akichechemea, gunia mgongoni. Majani chai hayangojei mtu. Kufikia asubuhi yalikuwa mekundu, tukayamwaga. Nilimweleza Kogo yote, hata habari za jogoo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Habari ilifika shuleni, wakanibandika jina: Payo. Nilimuuliza Mwalimu Osoro maana yake. Akafungua kamusi, akanieleza kwamba payo ni mtu anayesema bila kupima, na kwamba neno hilo limetokana na kupaya, yaani kuropoka. Kweli ulimi hauna mfupa. Niliapa kufunga mdomo wangu.

Wiki nzima nilitembea peke yangu, nikala peke yangu. Jioni moja, katikati ya michai, Kogo akasimama.

"Chepkirui, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, Kogo. Mimi ni payo. Nimeacha kuongea."

Akaweka kikapu chini. "Nani alikutuma kunyamaza? Tangu babu yako afe, ni sauti yako tu inayojaza hii nyumba. Ukitumwa, sema kwanza ulichotumwa. Hayo mengine usiyamwage njiani. Niletee mimi."

Alhamisi iliyofuata nilimwambia Orina, "Gunia letu liko nyuma, tafadhali mngoje." Nikanyamaza. Lori likangoja.

Jioni nilimkuta Kogo jikoni, amemimina chai vikombe viwili. Akanisogezea kiti.

"Haya," akasema, "yule jogoo alifanya nini?"