Doa la Kijani kwenye Shati la Yerson

Siku ya kuezeka nyumba, katika kijiji cha akina Rosmeri kilicho juu ya mji wa Huanta, hakuna anayesubiri kuamshwa. Kabla jogoo hajawika, Bibi Fortunata alikuwa ameshachochea moto, na simbilisi wake, vijinyama kama sungura wadogo waliofugwa mle mle jikoni, walikuwa wakipiga kelele kudai majani. Rosmeri aliwatupia majani, akachota maji, kisha akamwosha uso mdogo wake Yerson, ambaye alilia kana kwamba anachunwa ngozi. Mama yao alikuwa akifanya kazi Lima, mji mkuu. Kwa hiyo kumlea huyo Yerson wa miaka minne kulimwangukia Rosmeri, naye hakuchoka kulalamika.

Siku hiyo wanakijiji walikuwa wanamwezekea Mjomba Teofilo nyumba yake mpya kwa vigae, na kazi ya bibi ilikuwa kuwalisha. Sufuria kubwa ya chicha, ile juisi ya mahindi ya zambarau, ilikuwa imeepuliwa ipoe kabla ya kutiwa sukari na ndimu. Jikoni mahindi meupe yalikuwa yakitokota kwenye maji ya chokaa ili maganda yatoke. Bibi alikuwa akiyapika hivyo tangu usichana wake.

"Mimi napeleka viazi kwa mjomba wako," bibi alisema, akijifunga mzigo mgongoni. "Baki na mtoto. Na kopo la chokaa usiliguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Si kusikia tu! Kovu hili mkononi mwangu unaliona? Chokaa hii hii, nikiwa na umri kama wako. Sasa ole wako."

Rosmeri aliitikia kwa kichwa. Lakini mawazo yake yalikuwa shuleni. Jumatatu kulikuwa na maonyesho ya sayansi, na Wilmer, mvulana aliyekaa dawati la nyuma yake, alikuwa tayari na mlima wake wa udongo uliotoa povu la siki na magadi. Kila siku alimchokoza. "We Rosmeri, utaleta nini? Simbilisi anayejua kuhesabu?" Darasa zima lilicheka.

Kumbe alikuwa na jambo lake. Mwalimu Huarcaya alikuwa amewaonyesha kwamba maji ya mahindi ya zambarau hubadilika rangi. Ukikamulia ndimu yanakuwa mekundu. Ukitia magadi yanakuwa ya bluu. Na ukitia chokaa, mwalimu alisema, yanageuka kijani, ila hilo lisifanywe nyumbani bila mtu mzima. Rosmeri aliitaka hiyo kijani. Nyekundu na bluu kila mtu angeweza kuzileta.

Bibi alipotokomea nyuma ya ukuta wa mawe, Rosmeri alichota chicha ambayo haijatiwa sukari, akaigawa katika glasi za wageni, kwa kuwa hakuona chombo kingine kinachopitisha mwanga vizuri. Alizipanga juu ya benchi. Ya kwanza aliikamulia ndimu, ikawa nyekundu. Ya pili aliitia magadi. Kisha akapanda juu ya kigoda, akalishusha lile kopo, akatia kijiko cha chokaa katika glasi ya tatu na kukoroga. Juisi ilichafuka kidogo, halafu ikageuka kijani mbele ya macho yake.

"Yerson, ona! Ona!" alipiga kelele kwa furaha.

"Chicha ya chura," Yerson alisema, akicheka.

Hapo ndipo simbilisi mmoja, yule dume mweupe ambaye bibi alimpenda kuliko wote, alipochomoka mlangoni. Mbwa wa jirani alikuwa uani. Rosmeri alitoka mbio, akamfukuza mbwa kwa jiwe, akamkimbiza simbilisi kuzunguka rundo la kuni hadi akamkamata. Alirudi akihema, simbilisi kifuani, na mlangoni akasikia kikohozi.

Yerson alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni, anatema na kulia. Glasi mbili zilikuwa zimeanguka, ile nyekundu na ile ya kijani, na vyote vilivyokuwamo vilikuwa vimenywewa na sakafu ya udongo. Palibaki tope tu.

"Imeniuma! Chicha mbaya!"

Rosmeri alimwachilia simbilisi. Ni ipi aliyokunywa? Aliitazama ile sakafu, haikumwambia kitu. Kisha akaona shati. Kifuani mwa shati jeupe la Yerson, pale juisi ilipochuruzika kutoka kidevuni, palikuwa na doa la kijani.

Alijua. Na kwa aibu yake kubwa, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kumsaidia mdogo wake. Alilirudisha kopo la chokaa juu ya rafu, akazisukuma glasi nyuma ya gunia la mahindi, kisha ndipo akapiga magoti na kumpangusa mtoto uso. Bibi akaingia.

"Nini tena? Kelele zimefika hadi kwenye vigae! Ana nini huyu?"

"Sijui, bibi."

"Amekula nini?"

"Sijui."

Bibi alimwinua Yerson, akaona doa. "Haa! Majani! Amekula majani ya simbilisi, na ndani yake jana niliona yale ya mtoni yenye sumu yamechanganyika. Haraka, maji ya vuguvugu na chumvi! Tumtapishe kabla hayajashuka."

Rosmeri alichukua kikombe, akatia chumvi, akakoroga. Masikioni mwake sauti ya Mwalimu Huarcaya ilikuwa ikirudi. Mtu akimeza chokaa asitapishwe hata siku moja, mwalimu alikuwa amesema. Iliyomchoma ikishuka itamchoma tena ikipanda. Siku ile walikuwa wameandika tu, wengine wakipiga miayo.

Lakini akisema, bibi atajua kuhusu kopo. Atajua kuhusu glasi. Maonyesho yatakuwa yamekwisha kabla ya kuanza, na Wilmer atacheka hadi Krismasi. Tena huenda Yerson alilamba kidogo tu. Huenda hakuna lolote. Doa lile hakuna mwingine pale nyumbani aliyeweza kulisoma. Angenyamaza, lingebaki doa la majani milele.

"Lete hapa!" Bibi alimnyang'anya kikombe, akamshika Yerson shingoni, akamtegeshea. "Kunywa, baba, kunywa yote, kisha bibi akuingize kidole."

Yerson alimtazama dada yake huku machozi yakimtiririka. Alifungua mdomo.

"Bibi, acha! Usimtapishe!" Rosmeri alikishika kikombe kwa mikono miwili, nusu ya maji ikamwagika. "Si majani. Ni chokaa."

Bibi alimgeukia.

"Umesemaje?"

"Nilitia chokaa kwenye chicha. Kijiko kimoja. Ni jaribio la shule. Nilizipanga glasi hapo kwenye benchi, nikatoka, akanywa. Mwalimu alisema mtu akimeza chokaa asitapishwe, itamchoma mara ya pili. Nilikudanganya, bibi. Nilikudanganya."

"Utajuaje kama ni hiyo aliyokunywa?"

"Doa, bibi. Ya ndimu ni nyekundu, ya magadi ni bluu. Chokaa ndiyo inayotoa kijani. Angalia."

Bibi aliliangalia lile doa, akamwangalia Rosmeri, akaweka kikombe chini. Hakugomba. Alimsukutua Yerson kinywa kwa maji safi, akamfunga mgongoni kwa shuka, akatoka mlangoni akiita kwa sauti ambayo Rosmeri hakuwahi kuisikia. "Teofilo! Shuka huko juu! Washa bajaji!"

Mjomba alishuka na vumbi la vigae kichwani, akaiacha nyumba yake nusu ina paa, nusu haina. Hakuuliza sababu. Bajaji iliteremka ile njia ya mawe ikirukaruka, Yerson akinung'unika mgongoni kwa bibi, na Rosmeri akiwa amelishika lile kopo la chokaa mapajani. Bibi ndiye aliyemwambia alichukue. Kila Yerson alipokohoa, Rosmeri alifumba macho.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, mwanamke mnene aliyeitwa Eufemia, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nini, kiasi gani, lini?" aliuliza.

Bibi alimsukuma Rosmeri mbele. Rosmeri alisema yote. Alilionyesha kopo, akaonyesha kijiko kilivyojaa, akasema ni asubuhi hii hii, na kwamba alikuwa amekawia kusema. Neno hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko mengine yote, lakini alilitoa.

Nesi Eufemia alimmulika Yerson mdomoni kwa tochi. Alimchunguza muda mrefu, akambonyeza koo, akampa maji kidogo kidogo na kumtazama anavyomeza. Nje Mjomba Teofilo alikuwa akizunguka bajaji yake. Rosmeri alikaa kwenye benchi la mbao, akiomba kwa midomo tu, bila sauti.

"Ulimi na ufizi vimeungua kidogo," nesi alisema hatimaye. "Koo naliona salama. Inaelekea aliitema kabla ya kuimeza sana. Atabaki hapa hadi mchana nimwangalie. Mlimtapisha?"

"Nilikuwa nimeshamtegeshea kikombe," bibi alisema. "Huyu ndiye aliyenizuia."

Nesi alimtazama Rosmeri. "Basi ungenyamaza dakika chache zaidi, ningekuwa naita gari la kumpeleka hospitali kubwa."

Rosmeri alilia hapo hapo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Walirudi jua likiwa limepinduka, Yerson akiwa amelala mgongoni kwa bibi. Majirani walikuwa wamemaliza paa bila wao. Msalaba wenye maua, desturi ya nyumba mpya, ulikuwa umeshasimikwa juu ya vigae, na watu walikuwa wamekaa chini wakila mahindi yaliyomenywa. Bibi alimvua Yerson shati, akamketisha Rosmeri kando yake, mbali kidogo na wengine.

"Shati hili silifui," alisema. "Jumatatu utakwenda nalo shule. Utaonyesha rangi zako, na utaeleza doa hili limetoka wapi, pamoja na ile 'sijui' uliyoniambia."

"Watanicheka, bibi."

"Wacheke. Sikia, mjukuu wangu. Kutaka kujua si kosa. Mimi nimepika kwa chokaa maisha yangu yote na sikujua inafanya rangi ile. Siku nyingine ukitaka kujaribu, niite, nitakaa na wewe. Na katika chombo cha kunywea usitie kitu kisichonyweka, maana mtoto hapa akiona chicha kwenye glasi haulizi. Kosa la glasi nimekusamehe. Lakini pale nilipokuuliza ukasema hujui, nilikuwa naokoa mtoto huku nimefungwa macho, na wewe ndiye uliyenifunga. Ukikosea, sema. Sema kabla hujaulizwa."

"Ndiyo, bibi."

Yerson aliamka kwa harufu ya chakula. Mjomba Teofilo alimletea kikombe cha chicha iliyotiwa sukari, ya zambarau kabisa. Mtoto alikipokea, akakitazama ndani, asinywe. Alikwenda taratibu hadi alipokaa dada yake, akamnyooshea kikombe.

"Onja kwanza," alisema.

Rosmeri alikunywa. Yerson alimtazama mdomo, akasubiri kidogo, kisha akakichukua kikombe kwa mikono miwili na kunywa.